Anwani ya mtoto isiwe ndiyo kosa lake

Kuna ahadi moja katika Katiba ya mwaka 2010 ambayo kila mwalimu na kila mwanafunzi wa Kenya angefaa kuifahamu. Kifungu cha 53 chasema kwamba mtoto hatazuiliwa ila iwe ndiyo hatua ya mwisho, na akizuiliwa, iwe kwa muda mfupi unaofaa, tena mbali na watu wazima. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iliitilia nguvu ahadi hiyo. Umri wa kuweza kubeba lawama ya jinai, ambao zamani ulikuwa miaka 8, ulipandishwa hadi 12, na ikawekwa njia ya kumwondoa mtoto katika mkondo wa mashtaka ili kosa lake lisuluhishwe bila kesi.

Swali langu ni hili: je, hiyo hatua ya mwisho huwafikia watoto wote kwa mwendo mmoja? Nasema la.

Hebu, msomaji, tuwafikirie vijana wawili wa miaka 15. Mmoja anakaa Lavington, mwingine Kawangware, mitaa miwili iliyopakana. Wote wawili wamekamatwa katikati ya jiji kwa tuhuma ya kuiba simu. Babake wa kwanza hupigiwa simu, akafika kituoni kwa gari lake pamoja na wakili, na kabla ya jua kutua kijana yuko nyumbani kwa dhamana. Mamake wa pili ni kibarua wa kufua nguo. Hana habari, na akizipata hana nauli wala cha kuweka dhamana. Kesho yake kijana hufikishwa mbele ya mahakama ya watoto ya Milimani peke yake, na kutoka huko hupelekwa rumande ya watoto kule Kabete. Wa tatu, yule alalaye karibu na mzunguko wa Globe, hata hana mtu wa kutafutwa. Kosa ni moja, lakini safari ni tatu.

Sidai kwamba hakimu ana chuki. Maswali anayouliza ni ya halali: Mzazi yuko wapi? Mtoto anakaa wapi? Nani atamdhamini? Lakini yachunguze maswali hayo, utaona kwamba hakuna hata moja linalopima uzito wa kosa. Yote hupima ufukara. Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Nasi tumeufanya usemi huo kuwa kanuni ya kumfungia mtoto.

Tena ramani ya ufukara wa Nairobi haikujichora yenyewe. Serikali ya kikoloni iliugawa mji huu kwa rangi ya ngozi. Vilima vya magharibi vilikuwa vya Wazungu, Parklands ikawa ya Wahindi, na Waafrika wakasukumwa mashariki. Kwa sheria za uzururaji na kipande, kijana Mwafrika aliyeonekana mjini bila kazi wala ruhusa alikuwa tayari ni mshukiwa. Wakati wa Hali ya Hatari, hasa baada ya msako mkubwa wa Aprili 1954 uliojulikana kama Operation Anvil, vijana walizuiliwa pamoja na watu wazima, na baadaye wengine wakapelekwa Wamumu kurekebishwa.

Uhuru ulipokuja, rangi iliondolewa katika sheria, ila sheria ya uzururaji ilibaki hadi mwaka 1997. Mwaka huo huo shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti iliyoeleza jinsi watoto wa mitaani nchini walivyokuwa wakikusanywa na polisi, wakipigwa na kufungiwa korokoroni pamoja na watu wazima. Mahali pa rangi palikuwa pamechukuliwa na anwani.

Hali hii haiko kwetu pekee. Huko Marekani, mwaka 1988 Bunge lilizitaka serikali za majimbo zishughulikie wingi wa watoto wa jamii za wachache waliozuiliwa. Hata hivyo, hesabu za mwaka 2021 zilionyesha kuwa mtoto mweusi alielekea kufungiwa zaidi ya mara nne kuliko mweupe. Basi kuhesabu peke yake hakuponyi. Lakini asiyehesabu hata ugonjwa hataujua.

Najua watakaonijibu watasema: mtoto asiye na kwao akiachiliwa ataenda wapi? Rumande angalau kuna kitanda na chakula. Hoja hiyo ina huruma ndani yake, lakini inachanganya mambo mawili ambayo sheria yenyewe imeyatenganisha, yaani mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi, na mtoto anayeshukiwa kuvunja sheria. Njaa haitibiwi kwa kufuli. Mtoto akihitaji kitanda, apewe kitanda, asipewe kesi.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, kukosa mzazi mahakamani kusiwe sababu tosha ya kumrudisha mtoto rumande. Hakimu aandike ni njia gani nyingine zilizojaribiwa, na afisa wa watoto apewe usafiri wa kuwatafuta jamaa. Pili, Idara ya Mahakama itangaze kila mwaka ni watoto wangapi waliozuiliwa, kwa siku ngapi, kwa sababu gani, na wametoka mitaa ipi.

La tatu ni letu sisi walimu. Mtoto wa maskini aghalabu hana wakili, wala huenda hana cheti cha kuzaliwa, lakini akiwa amepata kuketi darasani, jina lake limo katika daftari la mahudhurio. Daftari hilo laweza kusaidia kuonyesha umri wake, na barua ya mwalimu mkuu yaweza kumwambia hakimu kwamba mtoto huyu ana mahali anapojulikana. Mwalimu anayekata jina la mwanafunzi daftarini kwa kuwa ametiwa rumande humfungia mlango wa pili kabla ya hukumu kutolewa. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akirudi, msimwite chokoraa wala mwizi. Mpeni nafasi yake kwenye dawati.