Maziwa ya mama anayekwenda shamba

Wengi wetu wamama tunarudi shambani au sokoni mtoto akiwa hajatimiza miezi 6. Akilia, anayebaki naye anampa maji au uji, kisha kuhara kunaanza. Afadhali tukamue maziwa yetu, tumwachie.

Tunawe mikono kwa sabuni. Kikombe na kifuniko chake tuvichemshe. Tukamue kwa mkono, tufunike, tuweke kivulini pahali pa baridi, mbali na moto. Bila frigo, maziwa yasipite masaa 4 tangu kukamuliwa. Milimani Masisi kuna baridi. Kule Walikale msituni joto ni zaidi, basi yanywewe mapema.

Tumweleze anayebaki nyumbani: mafuta yakipanda juu, maziwa hayajaharibika, atikise polepole. Asiyachemshe, kikombe akiweke ndani ya maji ya vuguvugu. Amnyweshe mtoto kwa kikombe, si biberoni, maana biberoni ni ngumu kusafisha. Yanayobaki baada ya mtoto kunywa, asimwekee tena.

Nasi tukifika nyumbani, titi kwanza, jiko baadaye.