Daftari la sheha lisingoje maradhi

Na Mwanaidi Khamis Haji

Machi 2020, ndege za watalii zilipokatika Zanzibar kwa sababu ya korona, wa mwanzo kuishiwa unga ndani hakuwa yule tuliyezoea kumwita masikini. Alikuwa kijana wa Paje anayetandika vitanda hotelini, papasi wa Shangani anayezungusha wageni, muuza urojo wa Forodhani, mama wa Jambiani anayesuka wageni nywele ufukweni. Mwezi mmoja baadaye ikaingia Ramadhani, na kila mwenye jiko anajua futari ya nyumba ya watu wanane inataka nini.

Sisi Waunguja tuna jirani. Sahani ya futari huvuka kichochoro bila ya kuombwa. Lakini safari ile jirani naye alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka kazini, na mjomba aliyezoea kutuma chochote alikuwa ameegesha gari yake ya watalii. Msiba uliingia nyumba zote siku moja. Hapo ndipo panapotakiwa serikali.

Na serikali yetu inajua kutoa. Tangu Aprili 2016 Pensheni Jamii inamlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, tajiri na fukara, bila ya kuulizwa ana nini. Wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwezi. Hazikutosha kununua mfuko wa mchele wa kilo 25, lakini ziko nyumba ambazo fedha za bibi ndizo zilizowasha jiko. TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii wa Tanzania, nayo ilikuwa na orodha yake ya kaya masikini. Malipo yale yaliwezekana kwa sababu majina yalikwishaandikwa kabla ya korona. Kijana wa Paje kwa umri hakuwemo katika daftari la wazee, na la TASAF liliandikwa naye ana mshahara.

Wakati huo Uganda waligawa chakula Kampala na Wakiso: kilo 6 za unga wa mahindi na kilo 3 za maharage kwa kila mtu, askari wakipita nyumba kwa nyumba. Siwalaumu, mwenye njaa hangoji. Ila kwetu, ambako wazee bado wanazikumbuka foleni za mchele za enzi ya Mzee Karume, mimi nataka fedha mkononi. Mama akanunue mwenyewe kwa Mpemba mwenye duka mtaani, na duka nalo lisife.

Kwa hivyo masheha, wakuu wa shehia zetu, waanze sasa, wakati hoteli zimejaa. Kila shehia iandike vibarua wa hoteli, wachuuzi, madereva na mabaharia wa mashua za wageni, kila mwaka, na majina yasomwe hadharani ili aliyesahauliwa aseme. Bajeti itenge fungu lao, lisiguswe mpaka siku ya dhiki.

Wewe msomaji, mwakilishi wako akija mtaani, muulize jambo moja: mwanangu anayefanya kazi hotelini ameandikwa daftari gani?