Mguu Uliovimba

Hapa Kate mtu akivimba mguu mmoja ghafula husemwa kuwa amekanyaga dawa aliyotegewa. Mimi sikubali, nami nitaeleza kwa nini.

Mwaka juzi shangazi yangu alijifungua salama, akakaa ndani kama ilivyo desturi. Siku ya kumi mguu wa kushoto ulivimba toka kigimbi hata pajani, ukawa wa moto. Bibi mmoja jirani akaukanda kwa nia njema. Baba mdogo yeye akaanza kutafuta aliyetega, hata akamtaja mtu kwa jina. Siku ya tatu shangazi alishikwa na kichomi, pumzi ikawa haba. Ndipo likakodiwa gari kumpeleka hospitali.

Daktari alitueleza hivi. Damu kuganda ni jambo jema ukijikata na mundu. Damu ya mwenye mimba hujiweka tayari zaidi kuganda ili asipoteze nyingi wakati wa kuzaa, na hali hiyo hubaki majuma 6 hivi baadaye. Basi mzazi akilala tu, damu ya miguuni huenda polepole, na bonge huweza kufanyika ndani ya mshipa. Kipande kikibanduka hupanda mpaka moyoni, na moyo hukisukuma mapafuni, kikaziba njia. Kukanda kwaweza kukibandua. Safari hiyo ilielezwa na Mjerumani Rudolf Virchow tangu karne ya 19.

Alichomwa sindano za heparini, kisha akapewa vidonge vya wafarini. (Wanafunzi wenzangu watacheka: asili yake ni ng'ombe wa Marekani na Kanada waliokufa kwa kutoka damu miaka ya 1920, baada ya kula majani makavu yaliyoota ukungu. Mwaka 1948 wafarini iliuzwa kama sumu ya panya. Tangu 1954 hutibu watu.) Dawa hizi haziyeyushi bonge, bali hulizuia lisikue, na mwili huliyeyusha wenyewe taratibu. Kwa hiyo alimeza miezi mingi, akipimwa damu mara kwa mara, maana ikizidi mtu hutoka damu.

Wengine husema nadharau wazee. Sivyo, yule bibi alikanda kwa huruma. Ninachoomba ni kwamba mzazi akivimba mguu mmoja asikandwe, apelekwe hospitali siku ile ile, na asitajwe mtu.

Shangazi sasa analima. Baba mdogo bado hajamwomba radhi yule jirani.