Ngome ya South Brisbane

Mwanasiasa anayeita jimbo lake ngome na aitazame South Brisbane, jimbo la bunge la Queensland, Australia. Tangu 1977 chama cha Labor kilishinda hapo uchaguzi baada ya uchaguzi. Anna Bligh aliongoza serikali ya Queensland akiwa mbunge wa jimbo hilo, na alipong'atuka 2012 akarithiwa na Jackie Trad, ambaye baadaye alikuwa naibu waziri mkuu wa Queensland. Kumbe mtaani, hasa West End, wanachama wa chama cha Greens walikuwa wakigonga mlango mmoja baada ya mwingine. Oktoba 2020 Amy MacMahon wa Greens akamwangusha Trad. Mimi navutiwa zaidi na karatasi ya kura: mpiga kura wa Queensland huwapanga wagombea wote kwa namba, na anayeshika mkia akienguliwa, kura zake huhamia kwa chaguo linalofuata. Kwa hiyo wafuasi wa chama cha Liberal National, wasio na matumaini ya kulichukua jimbo, ndio wenye turufu. Mwaka 2020 chama chao kiliwashauri waiweke Labor chini ya Greens. 2024 kikageuza, Greens wakawekwa mwisho. MacMahon aliongoza katika chaguo la kwanza, lakini kura zilipohamishwa Barbara O'Shea wa Labor akampita. Naupenda utaratibu huu kwa dhati, maana hata aliyeshindwa husikika. Labor imerudishiwa kiti chake, ila waliokirudisha ni wapiga kura wa mahasimu wake wakubwa.