Panya wekundu, jua na ngozi ya mwanao

Mzazi mwenzangu, kuna swali linalojirudia kwenye ukurasa huu: saratani ya ngozi hurithiwa au huletwa na jua? Jibu lililonikaa kichwani limetoka kwa panya.

Mwaka 2012 watafiti wa hospitali moja kubwa ya Boston, Marekani, walitoa matokeo yao katika jarida la Nature. Walikuwa na panya weusi, wekundu na wenye ualbino. Wekundu wana mabadiliko kwenye jeni iitwayo MC1R, ambayo hata kwa binadamu ndiyo huleta nywele nyekundu. Panya wote walitiwa hitilafu moja kwenye seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, kisha wakaachwa ndani, bila kuguswa na mionzi ya jua. Ndani ya mwaka mmoja, takriban nusu ya wekundu walipata melanoma, saratani ya ngozi iliyo hatari zaidi. Kwa weusi na wenye ualbino walikuwa wachache.

Ndipo wakazalisha panya mwenye jeni ya wekundu ambaye pia ana ualbino, yaani hatengenezi rangi kabisa. Huyo akasalimika! Ikaonekana rangi nyekundu yenyewe ina madhara, hata gizani.

Mzazi mwenye mtoto wa ualbino, hapa soma taratibu. Panya yule hakukutana na jua. Mwanao hukutana nalo kila siku. Saratani zinazowapata zaidi watu wenye ualbino huku kwetu ni zile za ngozi iliyounguzwa na jua miaka mingi, na huweza kuanza wakiwa bado vijana. Alichorithi mtoto ni ngozi isiyo na kinga, na amerithi kwa wazazi wote wawili. Akina baba mnaowatupia lawama mama zao, mmesikia.

Mvalishe kofia pana na mikono mirefu, hata siku ya mawingu. Mafuta ya kawaida ya kujipaka hayazuii jua. Ulizia losheni maalumu, kama Kilisun inayotengenezwa KCMC, Moshi. Zungumza na mwalimu asimwache mstarini juani. Ukiona kidonda au gamba ambalo mwezi unaisha halijapona, usilipake dawa za kubahatisha. Mpeleke akaonwe na daktari wa ngozi. Likiwahiwa dogo, mara nyingi huondolewa likaisha.