Jiwe latoka Mirihi, latua Niger, pesa zatua New York

Tuanze na hesabu. Tarehe 16 Julai 2025, kampuni ya mnada ya Sotheby's iliuza jiwe moja jijini New York kwa dola milioni 5.3, ukijumlisha na ada za mnada. Kwa pesa zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni 680. Jiwe lenyewe lina uzani wa kilo 24.67. Ndani hakuna almasi wala dhahabu. Ni zito, rangi yake ni nyekundu iliyochanganyika na kahawia, na ukilipata kando ya barabara ya Isiolo unaweza kulikalia ukingoja matatu. Lakini lilitoka Mirihi, sayari ambayo wengi wetu tunaiita Mars, na ndilo pande kubwa zaidi la sayari hiyo kuwahi kupatikana hapa duniani.

Sikumaliza chuo, lakini kugawa bado najua. Bei hiyo ni karibu dola 215 kwa kila gramu. Wiki hiyo dhahabu ilikuwa ikienda kwa kama dola 107 kwa gramu. Yaani jiwe la kukalia limeishinda dhahabu mara mbili.

Habari kama hizi zikiingia kwenye makundi ya WhatsApp, lazima msee mmoja aulize: "Sasa hayo mawe huokotwa wapi?" Simlaumu, maisha ni magumu na kila mtu anatafuta. Ila swali lenye doo ndani yake ni lingine. Tuulize hivi: katika safari ya jiwe kutoka mchangani hadi mnadani, ni nani hulipwa, na hulipwa kwa kazi gani?

Kwanza tuelewe mawe haya yanafikaje huku. Mwamba mkubwa wa angani ukigonga Mirihi kwa kishindo, vipande vya sayari hiyo hurushwa juu. Kipande kikipita kasi ya kilomita 5 kwa sekunde, kinaiponyoka Mirihi na kuanza kuzurura angani, pengine kwa mamilioni ya miaka, hadi siku kitakapokutana na dunia. Mawe ya mwezini husafiri vivyo hivyo. Kwa Kiswahili jiwe lililoanguka kutoka angani tunaliita kimondo, na karibu vimondo vyote havitoki Mirihi wala mwezini. Kati ya vimondo zaidi ya 77,000 vinavyotambuliwa na wanasayansi, vya Mirihi ni kama 400 tu.

Na wanajuaje ni vya Mirihi, ilhali hakuna mtu aliyewahi kukanyaga huko? Mwaka 1976, vyombo vya Viking vilitua Mirihi na kupima hewa yake. Mwaka 1983, watafiti walitoa matokeo ya jiwe lililookotwa Antaktika: gesi iliyonaswa ndani yake ililingana na hewa iliyopimwa na Viking. Kwa mwezi kazi ni rahisi zaidi, kwa sababu wanaanga wa Apollo walirudi na kilo 382 za mawe kati ya 1969 na 1972. Ukishuku jiwe, unalilinganisha na hayo.

Mawe ya Apollo ni mali ya serikali ya Marekani, na mtu binafsi haruhusiwi kuyanunua. Kuna punje tatu ndogo sana zilizoletwa na chombo cha Kisovieti, Luna 16, mwaka 1970. Kwa jumla zina uzani wa gramu 0.2 hivi. Mwaka 1993 ziliuzwa kwa dola 442,500, na mwaka 2018 zikauzwa tena kwa dola 855,000. Kwa hivyo tajiri anayetaka kipande cha mwezi nyumbani kwake amebaki na njia moja tu, yaani kununua kimondo.

Bei za vimondo zinapishana sana. Kimondo cha kawaida kinaweza kuuzwa dola moja au chache tu kwa gramu. Mwaka 2018, kimondo cha mwezi kilichopatikana Mauritania, chenye kilo 5 na nusu na vipande sita vinavyoshikana kama fumbo la watoto, kiliuzwa Marekani kwa dola 612,500. Gawanya, utapata kama dola 111 kwa gramu. Kinachopandisha bei ni uhaba, ukubwa, sura nzuri, na iwapo watu walikiona kikianguka. Sahara ikitoa mawe mengi ya mwezi, bei inashuka, sawa na maembe msimu wake.

Lakini kabla ya hayo yote kuna karatasi. Jiwe lisilopimwa maabarani halina bei, hata kama limetoka Mirihi moja kwa moja. Ili litambuliwe, sampuli ya gramu 20, au asilimia 20 ya jiwe lote kama hilo ni dogo zaidi, huachwa kwenye taasisi inayokubalika. Wataalamu huchunguza madini yake, kisha kamati ya Meteoritical Society, chama cha kimataifa cha wanasayansi wa vimondo, ikiridhika hulipa jina. Kuanzia hapo ndipo mnada hushika simu. Kwa maneno mengine, aliyeinama akaokota ameuza jiwe tu. Aliyethibitisha ameuza Mirihi.

Jiwe lililouzwa New York liliokotwa Novemba 2023 katika eneo la Agadez, kaskazini mwa Niger. Jangwa ni pazuri kwa kazi hiyo: jiwe jeusi huonekana upesi juu ya mchanga mweupe, na mvua haipo ya kulioza. Baadaye jiwe lilifika kwa mfanyabiashara wa kimataifa, likaonyeshwa Italia, kisha likavuka bahari. Jina lake rasmi ni NWA 16788. Herufi hizo zinasimamia "Afrika Kaskazini-Magharibi" kwa Kiingereza, lebo inayowekwa kwenye maelfu ya mawe yaliyopita mikononi mwa madalali bila mahali pake kuandikwa vizuri. Agadez haimo kwenye jina hilo, na Niger pia haimo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Baada ya mnada, serikali ya Niger ilikasirika. Ilianzisha uchunguzi, ikasema jambo hili lina dalili za magendo ya kimataifa, na ikasimamisha usafirishaji wa vito na vimondo kwenda nje. Sotheby's ilijibu kwamba jiwe lilitoka nchini humo kwa kufuata taratibu zote.

Msimamo wangu ni huu: Niger ina haki ya kuuliza, lakini marufuku pekee haitoshi. Wakusanyaji wana hoja ambayo hatuwezi kuipuuza. Bila pesa, hakuna mtu angekuwa akitembea Sahara mchana kutwa akikagua mawe, na sayansi yenyewe isingekuwa na sampuli nyingi inazojivunia leo. Ukifunga mlango wa mbele bila kumlipa aliyeokota, jiwe litapita njia za panya, na hata ile habari ndogo ya mahali lilipotoka itapotea.

Denmark walipata dawa. Kule, kimondo ukikiokota ni lazima ukikabidhi kwa serikali, na serikali inakulipa. Jiwe linabaki nchini, mwanasayansi anapata kazi, na aliyeinama harudi nyumbani mikono mitupu.

Sasa turudi kwetu, maana usifikiri hii ni stori ya jangwa la mbali. Tarehe 28 Januari 1934, kimondo kilianguka Rumuruti, Laikipia. Kilikuwa cha aina isiyo ya kawaida, na leo kundi zima la vimondo linaitwa R kwa sababu ya Rumuruti. Ukitaka kukiona, panda ndege uende Berlin, kwani ndiko kinakohifadhiwa. Tarehe 16 Julai 2011, mawe yalianguka Thika asubuhi peupe. Yalikuwa vimondo vya aina ya kawaida. Siku mbili baadaye, tarehe 18, kimondo cha Mirihi kilianguka Tissint nchini Moroko, na kipande chake cha kilo 1.1 kikaishia kwenye makumbusho ya Historia ya Asili jijini London. Siku mbili tu! Anga halichagui kaunti.

Na mnakumbuka Mukuku, Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024, pete ya chuma yenye kilo 500 hivi iliangukia kijiji hicho. Shirika la Anga za Juu la Kenya lilifika, likaichukua na kusema ni kipande cha roketi. Sawa. Lakini je, lingekuwa jiwe la Mirihi? Mwenye shamba angepata nini? Aliyeliona kwanza je? Nani angelipima, na wapi? Haya ni maswali ya kujibiwa mapema, jiwe likiwa bado angani, si siku madalali wa kigeni wanatua JKIA na mabegi ya dola.

Ninaomba mambo mawili kwa wakubwa. Moja, utaratibu ulioandikwa kwa lugha ambayo mfugaji wa Marsabit ataielewa, unaosema aliyeokota analipwa kiasi gani na mwenye ardhi anapata nini. Mbili, maabara katika vyuo vyetu zenye mashine na watu wa kupima vimondo. Vijana waliosomea jiolojia wako hapa nchini, na wengi wanauza nguo mtandaoni wakingoja kazi. Karatasi ndiyo yenye pesa, basi tuwafundishe wetu kuitengeneza.

Kwenu wasee wa mtaani, kuweni macho. Mengi yanayouzwa mtandaoni kama "kimondo" ni masalio ya chuma kutoka tanuri, au mawe yetu ya kawaida ya volkano. Mtu akikwambia jiwe linavuta sumaku kwa hivyo ni la angani, jua hajathibitisha kitu, kwani mawe mengi ya hapa hapa yanavuta sumaku. Akikuomba ada ya kusajili au ya kutafuta mnunuzi Dubai, mblock. Na siku utakapoona jiwe likianguka kwa macho yako, lipige picha pale pale, hifadhi alama ya mahali kwenye simu, lishike kwa kitu safi, usilioshe wala usiliguse na sumaku kwa sababu sumaku hufuta kumbukumbu zilizomo ndani. Kisha lipeleke kwa idara ya jiolojia chuoni au Makumbusho ya Taifa, na udai stakabadhi yenye jina lako na jina la kijiji chako.

Jiwe linaweza kuanguka popote, hata Kayole. Cheti hakijawahi kuanguka kutoka angani. Hicho ni cha kutengenezwa na watu, na hadi watakapokuwa watu wetu, tutaendelea kuuza mawe huku wengine wakiuza sayari.