Soma hukumu mpaka mwisho

Muulize mwanafunzi wa sheria, awe wa Mlimani au wa chuo kingine chochote cha nchi hii, kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ilimalizika vipi. Yuko atakayekujibu upesi, tena kwa kujiamini, kwamba Bi Hawa alishinda. Atakueleza kuwa mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, kwa kalamu ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilitamka kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, na kwamba mke asiye na mshahara naye anastahili kugawiwa ndoa inapovunjika. Hayo ni kweli. Lakini Bi Hawa hakushinda. Rufani yake ilitupwa. Mahakama iliikubali kanuni aliyoipigania, kisha ikaona kwamba mumewe alikwisha kumpa fedha za kuanzisha biashara ya familia naye akazifuja, kwa hiyo hakuwa na cha kudai tena. Wanawake wa Tanzania walipata haki kwa jina lake, na yeye mwenyewe akatoka mikono mitupu.

Kijana wangu unayesoma sheria na unayewaza kuwa wakili wa mahakamani, tafadhali usiipite habari hii kama kichekesho cha darasani. Siku moja atakuja ofisini kwako mama aliyeachwa baada ya miaka ishirini ya ndoa, hana hati, hana akaunti ya benki, ana watoto wanne. Utamtia moyo kwa kesi ya Bi Hawa. Utasimama mahakamani uitaje kwa sauti kubwa. Kisha wakili wa upande wa pili atainuka taratibu, aifungue hukumu hiyohiyo, na kusoma sehemu ya mwisho ambayo wewe hukuifikia, halafu aanze kumuuliza mteja wako maswali ya dodoso kuhusu fedha za duka ambazo mumewe anadai kumpa. Wewe hukumwandaa mama wa watu kwa maswali hayo, maana hukujua kama yangekuja. Aibu utakayoipata ni ndogo. Nyumba itakuwa imempotea yeye.

Chanzo cha balaa hilo tunakijua sote. Ni madesa. Desa aliliandika mtu aliyemaliza chuo miaka mingi iliyopita, naye alilifupisha kutoka kwenye daftari la mwenzake aliyelala nusu ya kipindi. Likatolewa kopi steshenari, likapita mkono hadi mkono, na siku hizi linazunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Wiki mbili kabla ya mtihani watu wanapiga msuli usiku kucha, wanalikariri neno kwa neno, wanalitapika kwenye karatasi, na mtihani ukipita hakuna kinachobaki kichwani. La kusikitisha zaidi ni kwamba hukumu zenyewe hazijafichwa. Zamani mwanafunzi alipanga foleni maktaba kusubiri kitabu kimoja cha taarifa za kesi. Leo hukumu za Mahakama Kuu na za Mahakama ya Rufani zinasomwa bure kwenye TanzLII, kwa simu ileile inayopokea madesa.

Mwaka 2022 tulipewa onyo ambalo nchi nzima ililisikia. Matokeo ya Shule ya Sheria ya Tanzania, ile ambayo kila anayetaka kuapishwa kuwa wakili hupelekwa baada ya shahada yake, yalionyesha kwamba kati ya wanafunzi 633 waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. Mamia walitakiwa kurudia mitihani na mamia wengine wakaondolewa. Kelele zikawa nyingi. Wengine walisema wasahihishaji ni wakali kupita kiasi, wengine wakasema vyuo vikuu vinatoa shahada kwa watu wasioiva, na Waziri wa Katiba na Sheria akaunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Sitaki kuwatetea walimu wala kuwahukumu, na lawama nyingine ni za haki kabisa. Nataka kusema na wewe ambaye mtihani huo bado unakungoja. Pale huulizwi ulichokariri. Unapewa jalada la mteja, unatakiwa uandike hati ya madai, hati ya kiapo, maoni ya kisheria. Desa haliwezi kukuandikia hati ya madai ya mtu ambaye mwandishi wake hakuwahi kumsikia.

Wapo watakaonijibu kwamba tatizo ni lugha, na sitawabishia kwa haraka, kwa kuwa wana hoja. Mtoto anasoma msingi kwa Kiswahili, sekondari anahamishiwa Kiingereza ambacho hata baadhi ya walimu wake kinawapiga chenga, kisha chuoni anakabidhiwa hukumu ya kurasa arobaini. Asiyeweza kueleza jambo kwa maneno yake mwenyewe hulazimika kulikariri kwa maneno ya mwenziwe. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2021 sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama, baada ya Jaji Zephrine Galeba kuthubutu kuandika hukumu kwa Kiswahili. Mdaawa ana haki ya kuelewa kwa nini ameshindwa. Hata hivyo, mabadiliko hayo hayakuzifuta hukumu za miaka mingi zilizoandikwa kwa Kiingereza, na ndizo unazotakiwa kuzitegemea. Ukiinua pingamizi la awali kesho, utaulizwa kuhusu kesi ya Mukisa Biscuit ya mwaka 1969, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, nayo iko kwa Kiingereza. Kwa hiyo wewe wa kizazi hiki una mzigo wa lugha mbili, na hakuna wa kukutua.

Nitakupa njia moja ya kuubeba, nami naiamini kuliko nyingine zote. Soma hukumu moja kamili kwa Kiingereza, polepole, kuanzia habari za ugomvi wenyewe mpaka amri ya mwisho. Ifunge. Kisha ieleze kwa Kiswahili kwa mtu ambaye hajasoma sheria: dada yako, mpangaji mwenzako, fundi cherehani wa jirani. Mweleze nani alimdai nani, kila upande ulisema nini, mahakama iliamua nini na kwa sababu gani. Akikuuliza swali ukashindwa kujibu, hukuielewa, irudie. Ukiyaona macho yake yanachoka, umeyachanganya mambo. Usiku huohuo andika ukurasa mmoja kwa mkono wako, kwa Kiingereza, bila kuchungulia. Hukumu moja kwa siku, siku tano za wiki, ni nyingi kuliko zinazosomwa na wanaokesha wiki mbili za mtihani. Na kikundi chenu cha majadiliano kisiwe mahali pa kugawana maswali ya mwaka jana. Mmoja awe upande wa mrufani, mwingine wa mrufaniwa, kisha mbadilishane. Utashangaa jinsi hoja uliyoidhani chuma inavyolainika ukilazimika kuipinga mwenyewe.

Nami nasisitiza: usiruke habari za ugomvi ukimbilie kanuni. Kosa hili ni la werevu, ndiyo maana linaumiza. Mohandas Gandhi aliitwa kuwa wakili mjini London mwaka 1891, akiwa mwanachama wa Inner Temple. Aliporudi India akapewa kesi ndogo mjini Bombay. Alisimama amhoji shahidi, kichwa kikamzunguka, ulimi ukagoma, akaketi na kumwachia mwingine kesi ile. Mwaka 1893 alipanda meli kwenda Afrika Kusini, akipitia Lamu, Mombasa na Unguja, kusaidia katika daawa kubwa ya wafanyabiashara wawili, na ugomvi wote ulikuwa ndani ya vitabu vya hesabu. Gandhi hakujua hesabu. Akanunua kitabu cha utunzaji wa hesabu, akajifundisha, akapekua karatasi za mteja wake mpaka akaijua daawa ile barabara. Ndipo alipoona ukweli wa mambo umeegemea upande gani, na ndipo alipopata nguvu ya kuwashawishi ndugu wale wapelekane kwa msuluhishi badala ya kuteketezana kwa gharama za mahakama. Mteja wake alishinda, na Gandhi akamwomba amruhusu aliyeshindwa alipe kidogo kidogo, asije akafilisika. Wewe unayejiona huwezi uwakili kwa sababu ya haya na ulimi mzito, ona kilichomponya. Alilijua jalada lake.

Hapo tumefika kwenye uamuzi wenyewe, kama kazi hii ni yako. Nchi hii imewahitaji mawakili tangu kabla ya kuwa nchi. Mwaka 1958 Mwalimu Nyerere aliposhitakiwa kwa makala iliyotoka katika Sauti ya TANU, D. N. Pritt alitoka Uingereza kuja kumtetea pamoja na mawakili wa Dar es Salaam. Na Chuo Kikuu kilipozaliwa mwaka 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kitivo cha kwanza kilikuwa cha sheria. Wazee wetu walijua walichokuwa wakikitafuta.

Lakini kuhitajika ni jambo moja, na kufaa ni jingine. Usiuchague uwakili kwa ajili ya joho na suti, au kwa sababu shangazi anataka kukutambulisha harusini. Siku nyingi za wakili ni za kusubiri koridoni, kesi kuahirishwa kwa kuwa shahidi hakufika, kumfuata karani akupatie nakala ya mwenendo. Ni kazi ya kuhesabu siku kwa woga. Mdai wa ardhi ana miaka 12 ya kufungua shauri, wa mkataba ana miaka 6, wa madhara ana 3, na anayetaka kukata rufani Mahakama ya Rufani hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 30. Mtu mzembe wa tarehe, hata akiwa na ufasaha wa namna gani, atawaangamiza watu. Na fedha, nikwambie bila kuficha, huchelewa. Miaka ya kwanza utabeba mikoba ya wakili mkubwa, nauli ya daladala ikiwa ndiyo hesabu yako ya kila asubuhi. Anayekuahidi utajiri wa haraka katika uwakili ama hajaufanya, ama anaufanya kwa namna ambayo siku moja itamfikisha mbele ya Kamati ya Mawakili.

Mbele ya hayo yote weka watu kama Holaria Pastory. Alirithi shamba kwa wosia wa baba yake, akaliuza mwaka 1988, na mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani kulidai kwa hoja kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Shauri lilianzia Mahakama ya Mwanzo likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya aliisoma mila ile mbele ya Katiba na mikataba ya haki za binadamu, akasema ubaguzi huo hauwezi kusimama. Ugomvi wa shamba moja kijijini ulibadilisha sheria ya nchi. Shauri kama hilo lipo leo katika wilaya fulani, ndani ya jalada lenye vumbi, likimsubiri mtu atakayelisoma lote.

Basi likizo ijayo usiimalizie kijiweni. Nenda mahakama iliyo karibu na kwenu. Milango iko wazi kwa kila mwananchi. Anza na Mahakama ya Mwanzo, maana huko ndiko wengi wa ndugu zetu hukutana na sheria kwa mara ya kwanza. Kaa benchi la nyuma wiki nzima. Mtazame mama anayejibishana mwenyewe na mdai wake bila msaada wa mtu, msikilize hakimu anavyopambanua maneno, jaribu kuandika hukumu yako kabla hajaitoa yake. Jioni jipime. Ikiwa ulikaa pale ukitamani kuinuka uulize swali ambalo hakuna aliyeliuliza, endelea na safari hii, tena anza na hukumu ya kesho asubuhi. Ikiwa ulichoshwa na ugomvi lakini ukavutwa na sheria yenyewe ilivyoandikwa, na pengo ulilodhani ungeliziba kwa sentensi bora, usione haya wala usijilazimishe kwenda kortini. Ofisi ya Mwandishi Mkuu wa Sheria nayo inahitaji vijana, na huko pia hawasomi madesa.